Sindano ya kuzuia kutapika Kajaga: Kadi inasema asilimia 20, lakini ya bei ipi?

BUJUMBURA – Mgonjwa anayetapika kila kidonge anachopewa hawezi kutibiwa kwa vidonge. Ndiyo maana katika vituo vya afya vya Kajaga, kama ilivyo kwingineko Burundi, sindano ya kuzuia kutapika ni dawa ya kila siku. Hutumika kwa mwenye malaria, kwa mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uzazi na kwa mjamzito ambaye kichefuchefu kimemlaza kitandani. Ni ampuli ndogo ya mililita 2, na katika soko la jumla la dunia ni miongoni mwa dawa za bei nafuu.

Hata hivyo, wagonjwa wanne waliokaa kwenye benchi moja hapo Kajaga wanaweza kuandikiwa ampuli hiyo hiyo na kulipa bei nne tofauti. Kinachowatofautisha ni kadi iliyo mfukoni: ya mtumishi wa serikali, ya mkulima, ya kampuni binafsi, au hakuna kadi kabisa.

Jambo hilo linafahamika. Lisilozungumzwa sana ni kwamba asilimia zilizoandikwa katika kanuni za bima hufanya kazi pale tu dawa inapokuwepo katika kituo kinachopokea kadi husika. Rafu ikiwa tupu, mwenye kadi ya mkulima na asiye na kadi hujikuta mbele ya dirisha moja la duka la dawa la binafsi, wakitakiwa kulipa bei moja. Bei hiyo haipangwi Kajaga. Inatokana na bei ya dola, nauli ya lori kutoka bandari ya Dar es Salaam na ukubwa mdogo wa soko la dawa la Burundi.

Kajaga ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Eneo hilo liko magharibi mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayokwenda Gatumba na kuvuka mpaka hadi Uvira, nchini Kongo. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Melchior Ndadaye, ambako hutua dawa zinazosafirishwa kwa ndege, hauko mbali. Wavuvi na wakulima wanaishi jirani na watumishi wa serikali waliojenga huko, na barabara hupitisha wachuuzi wanaovuka mpaka. Kwa maneno mengine, aina zote za bima hukutana hapo, pamoja na wale wasio na bima yoyote.

Kadi nne, malipo manne

Kundi la kwanza ni watumishi wa umma, wakiwemo askari na polisi, ambao wako chini ya mfuko wa bima wa watumishi wa serikali, maarufu kwa kifupi cha Kifaransa MFP. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1980 na hugharamiwa na makato ya mshahara pamoja na mchango wa mwajiri. Kwa kawaida MFP hulipa asilimia 80 ya gharama na mwanachama hulipa 20. Kwa dawa zinazouzwa kwa jina la kampuni iliyozigundua badala ya jina la kawaida la dawa, mfuko umekuwa ukilipa asilimia 70, na mwanachama hubaki na 30. Jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba kadi ya MFP hupokelewa pia nje ya hospitali: mfuko una maduka yake ya dawa na mikataba na watoa huduma wengine.

Kundi la pili ni wenye kadi ya msaada wa matibabu, inayojulikana nchini kote kama CAM. Kadi hiyo ilianza mwaka 1984 kwa ajili ya wakulima, wavuvi na watu wengine wasio na mshahara. Familia ililipa faranga 500 kwa mwaka hadi mwaka 2012, mchango ulipopandishwa kuwa faranga 3,000. Nayo humwachia mgonjwa asilimia 20. Lakini CAM ni kadi ya vituo vya umma. Haivuki barabara kwenda kwenye duka la dawa la binafsi.

Kundi la tatu ni wanaotibiwa bure. Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Baadaye mpango huo ukapanuliwa kuhusisha maradhi yanayotokana na ujauzito. Mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi katika hospitali ya umma hatakiwi kulipia sindano ya kichefuchefu, ingawa dawa za ganzi na kushuka kwa shinikizo la damu wakati wa upasuaji huwafanya wengi waihitaji.

Kundi la nne ni waajiriwa wa sekta binafsi. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, INSS, hushughulikia pensheni na ajali za kazini, si matibabu ya kawaida. Kwa hiyo malipo ya mwajiriwa wa kampuni hutegemea mkataba ambao mwajiri wake amefunga na kampuni ya bima, ikiwa upo. Baada ya hao wote wapo wasio na chochote, na hao hulipa bei kamili.

Hesabu ya faranga 1,000

Ili kuona tofauti hiyo, itoshe hesabu ya mfano, isiyo bei ya duka lolote. Tuseme ampuli imepangiwa bei ya faranga 1,000 katika kituo cha umma. Mwenye MFP atalipa faranga 200. Mwenye CAM atalipa 200. Mama aliyejifungua hatalipa kitu. Asiye na kadi atalipa 1,000.

Sasa tuseme dawa imekwisha kituoni, na ampuli ile ile inauzwa faranga 2,500 katika duka la binafsi. Mwenye MFP, akifika kwenye duka linalopokea kadi yake na dawa ikiwa kwenye orodha ya mfuko, atalipa 500. Mwenye CAM atalipa 2,500 zote, yaani mara 12 na nusu ya alichotarajia. Mama aliyeahidiwa matibabu ya bure, ikiwa familia yake itatumwa kununua nje, atalipa 2,500. Asiye na kadi atalipa 2,500 pia.

Mfano huo unaonesha kwamba kwenye karatasi MFP na CAM zinafanana, kwa sababu zote zinasema asilimia 20. Dukani hazifanani hata kidogo. Tofauti kubwa kati ya mtumishi wa serikali na mkulima haiko kwenye asilimia, iko kwenye swali la kama kadi inapokelewa mahali ambapo dawa imepatikana siku hiyo.

Aidha, ampuli si gharama yote. Sindano inahitaji bomba, pamba na glavu, na mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini atahitaji kanula na dripu. Vitu hivyo navyo vikikosekana kituoni, familia hutumwa kuvinunua nje, na hapo hesabu ya asilimia 20 inazidi kupotea.

Dawa ipi kati ya mbili?

Dawa mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni metoklopramidi, ambayo wengi nchini Burundi huijua kwa jina la Primperan. Ni ya zamani na ya bei nafuu. Ya pili ni ondansetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991 kwa jina la Zofran kwa ajili ya wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali. Ulinzi wa hataza yake nchini Marekani ulimalizika mwaka 2006, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza, na bei yake ikaporomoka. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

Maana yake ni kwamba hakuna tena sababu ya kiwandani inayofanya sindano hii iwe ghali. Mgonjwa wa Kajaga akiuziwa kwa bei ya juu, sehemu kubwa ya bei hiyo imeongezeka njiani.

Marekani hali ni nyingine. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, katika sehemu yake ya B inayohusu dawa zinazochomwa kliniki, nayo humwachia mgonjwa asilimia 20 baada ya kiwango cha kwanza anachojilipia. Asilimia 20 ya ondansetroni ya kawaida ni fedha ndogo. Asilimia 20 ya sindano mpya za kichefuchefu cha saratani, ambazo dozi moja huuzwa kwa mamia ya dola, ni mzigo. Lakini dawa ipo, na mgonjwa anabishana na bima yake juu ya bei. Kajaga, mgonjwa anaanza kwa kuuliza kama dawa ipo.

Kwa nini rafu hubaki tupu

Chanzo kimojawapo ni fedha za bima zenyewe. Mchango wa CAM wa faranga 3,000 ulipopangwa mwaka 2012, ulikuwa sawa na dola 2 na senti chache. Mwaka 2025 faranga hizo hizo zilikuwa sawa na takriban dola 1 kwa bei rasmi ya benki, na chini ya nusu dola katika soko la mitaani. Mchango wa kiasi hicho kwa familia nzima kwa mwaka hauwezi kulipia asilimia 80 ya matibabu. Pengo hujazwa na serikali, na serikali imekuwa ikilaumiwa mara kwa mara na hospitali kwa kuchelewa kulipa madeni ya CAM.

Deni linapochelewa, mnyororo wote unakwama. Kituo kimempa mgonjwa dawa na kupokea asilimia 20 tu. Asilimia 80 iliyobaki ni hati ya madai. Lakini kituo kikienda kununua dawa tena, kiwe kinanunua kwa bohari ya taifa ya dawa muhimu, CAMEBU, au kwa muagizaji wa binafsi, hakiwezi kulipa kwa hati ya madai. Kwa hiyo kadiri kituo kinavyohudumia wenye kadi wengi, ndivyo kinavyoishiwa fedha za kujaza rafu. Kadi iliyokusudiwa kumsaidia maskini inageuka kuwa sababu mojawapo ya dawa kukosekana pale anapotibiwa.

Historia inaonesha hatari ya kuliacha pengo hilo limwangukie mgonjwa. Burundi ilianza utaratibu wa kuwatoza wagonjwa gharama kamili mwaka 2002. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na shirika la Burundi la APRODH, lilitoa ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa bili, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Tangazo la Mei 2006 lilipokelewa kwa furaha kwa sababu hiyo. Lakini huduma ya bure nayo inahitaji dawa, na dawa inahitaji fedha za kigeni.

Dola, lori na bahari

Sehemu kubwa kabisa ya dawa zinazotumika Burundi huagizwa kutoka nje. Zinazotoka India na China kwa njia ya bahari hushushwa Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero na kuendelea Bujumbura. Ushuru wa forodha si tatizo kubwa, kwani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo tarehe 1 Julai 2007, dawa nyingi huingia chini ya kiwango cha asilimia sifuri cha ushuru wa pamoja. Tatizo ni kile kinacholipwa kabla ya forodha.

Muuzaji wa India hapokei faranga za Burundi. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya sarafu, na dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa faranga 2,000 na ushee ikapanda ghafla hadi takriban 2,800. Pengo na soko la mitaani halikufungika. Mwaka 2025 dola ya mitaani ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Dawa zimekuwa miongoni mwa bidhaa zinazopewa kipaumbele katika ugawaji wa fedha za kigeni, lakini kipaumbele hakimaanishi kwamba kila muagizaji hupata anachoomba. Anayekosa dola ya benki ana njia mbili: asiagize, au anunue dola mitaani na kuuza kwa bei inayolingana nayo. Njia ya kwanza huleta rafu tupu, na ya pili huleta ampuli ya bei ya juu. Uhaba wa mafuta uliolikumba taifa hilo katika miaka ya 2024 na 2025 umeongeza nauli juu ya yote hayo.

Kuna pia suala la ukubwa wa soko. Kampuni inayotaka kuuza dawa lazima iisajili katika kila nchi. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwezi Machi 2012, na wataalamu wa nchi wanachama wamekuwa wakitathmini baadhi ya dawa kwa pamoja. Hata hivyo, kibali cha mwisho bado hutolewa na kila nchi peke yake. Kwa kampuni kubwa, gharama hizo kwa ajili ya soko dogo la Burundi huenda zisirudi. Matokeo yake ni waagizaji wachache kwa kila dawa, na waagizaji wakiwa wachache ushindani wa bei hupungua.

Mpaka hauna kadi

Hali ya Kajaga ina upande mwingine unaowahusu wafanyabiashara moja kwa moja. Mchuuzi wa Uvira anayevuka asubuhi kuuza bidhaa Bujumbura, au dereva wa lori kutoka Kigoma, akiugua akiwa Kajaga hulipa bei kamili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kunufaika na hifadhi ya jamii ya nchi anakofanyia kazi. Lakini mchuuzi anayevuka asubuhi na kurudi jioni si mwajiriwa wa mtu. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na hilo halijambadilishia kitu mbele ya dirisha la dawa.

Vita vya mashariki ya Kongo vimeongeza uzito. Mwezi Desemba 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Uvira, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Upande wa kaskazini, mipaka ya ardhi kati ya Burundi na Rwanda ilifungwa mwezi Januari 2024, na kuwawekea kikwazo wagonjwa waliokuwa wakifuata matibabu ya saratani huko.

Wakati huo huo, bei inapopishana kati ya nchi na nchi, biashara ya magendo haikosekani. Ampuli inayouzwa sokoni bila cheti cha daktari inaweza kuwa imekaa juani, ilhali dawa hizi zinatakiwa kukingwa na mwanga na joto kali. Metoklopramidi ina tahadhari zake: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia isitumike kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja na kutaka matumizi yasizidi siku tano, kwa sababu inaweza kusababisha misuli kukakamaa na viungo kucheza bila hiari. Na katika ugonjwa wa kipindupindu, ambao hujirudia katika bonde la Rusizi, kinachookoa maisha ni maji na chumvi vinavyorudishwa mwilini, si sindano hiyo.

Majirani wanafanyaje?

Rwanda, kwa miaka mingi, mwanachama wa bima ya jamii amekuwa akilipa faranga 200 za nchi hiyo katika kituo cha afya na asilimia 10 hospitalini, huku bima ya watumishi ikimwachia asilimia 15. Tanzania imekuwa na mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, tangu mwaka 2001. Lakini mwezi Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake kutokana na mvutano juu ya orodha mpya ya bei. Kenya iliachana na mfuko wake wa zamani na kuanza mamlaka mpya, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Mvutano wa Tanzania unathibitisha kwamba kadi ina nguvu kadiri mwenye dawa anavyokubali bei na muda wa kulipwa.

Kwa Burundi, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2020 imefungua mlango wa bima ya afya kwa wote. Mjadala unaweza kuishia kwenye asilimia: mgonjwa alipe 20 au 10. Kwa mkulima wa Kajaga, asilimia siyo jambo la kwanza. Hatua tatu zingemgusa haraka zaidi. Ya kwanza ni serikali kulipa madeni ya CAM kwa wakati, ili kituo kiweze kununua dawa tena. Ya pili ni kuruhusu kadi hiyo ipokelewe katika maduka ya dawa yaliyoteuliwa pale kituo cha umma kinapothibitisha kwa maandishi kwamba dawa imekwisha, kama ambavyo mwenye MFP anavyoweza kuhudumiwa nje ya hospitali. Ya tatu ni ununuzi wa pamoja. Bohari ya dawa ya Tanzania, MSD, tayari imekabidhiwa kazi hiyo kwa niaba ya nchi za SADC, ambayo Burundi si mwanachama wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imelizungumza suala hilo kwa muda mrefu, na kwa soko dogo kama la Burundi ndiko faida ingekuwa kubwa zaidi.

Hatua ya pili ina gharama yake, kwani deni la maduka litaongezeka juu ya deni la hospitali. Bila ya hatua ya kwanza, maduka nayo yataikataa kadi baada ya miezi michache. Kwa hiyo mpangilio una maana: fedha kwanza, kadi baadaye. Hadi hapo, mwenye CAM anayetapika usiku Kajaga ataendelea kulipa asilimia 20 siku ambayo dawa ipo, na asilimia 100 siku ambayo haipo.